Ukulele na Raha ya Kuipiga Pamoja

Ukulele ni ala ndogo ya nyuzi nne, yenye umbo la gitaa, inayopigwa kwa vidole. Aina yake ndogo, iitwayo soprano, ina urefu wa sentimita 53 hivi na huingia kwenye mkoba wa mtoto wa shule. Mtu mzima ambaye hajawahi kushika ala yoyote anaweza, ndani ya wiki chache tu, kuimba wimbo mzima huku akijipigia mwenyewe. Jambo hilo, kuliko sauti yake au bei yake, ndilo lililoifikisha ukulele katika kila bara. Humwingiza mtu katika muziki wa pamoja mapema, kabla hajawa fundi. Anayeinunua ili ajifungie nayo chumbani atapata sehemu ndogo tu ya raha yake.

Chimbuko lake ni Madeira, visiwa vya Ureno katika bahari ya Atlantiki. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, Hawaii, baada ya safari ya miezi 4, ikiwa na abiria zaidi ya 400 waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu wa samani: Augusto Dias, Manuel Nunes na José do Espírito Santo. Hao ndio waliokuja kufungua karakana za ala mjini Honolulu. Watu wa Madeira walikuwa na ala mbili zinazohusika hapa: machete ya nyuzi nne, ambayo pia huitwa braguinha, na rajão ya nyuzi tano. Ukulele ilirithi kimo cha machete na mpangilio wa sauti wa nyuzi nne za rajão. Mbao zake zikawa za koa, mti unaoota Hawaii peke yake.

Ala ya wageni isingekuwa ya wenyeji upesi namna ile bila mfalme David Kalākaua, aliyetawala Hawaii hadi alipofariki mwaka 1891. Kabla yake wamisionari walikuwa wameipiga vita hula, ngoma ya jadi ya visiwa hivyo. Kalākaua aliirudisha mbele ya watu, na ukulele ikachezewa pamoja na hula katika hafla za ikulu. Mwaka 1893 ufalme huo ukapinduliwa, na mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa. Ukulele ilibaki majumbani mwa Wahawaii, katika nyimbo zao na katika lugha yao. Kwa hiyo anayejifunza ala hii leo, popote alipo, anashika kitu chenye wenyewe. Nyimbo za Kihawaii zinastahili kujifunzwa pamoja na maana ya maneno yake na matamshi yake sahihi, kama ambavyo mpenzi wa taarabu angetaka nyimbo zake ziimbwe na mgeni.

Dunia iliifahamu ukulele hasa kuanzia mwaka 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, ambako banda la Hawaii lilikuwa na wanamuziki wake kila siku. Mwaka uliofuata Samuel Kamaka alianzisha kiwanda chake Honolulu, ambacho bado kinaendeshwa na ukoo wake, na kampuni ya Martin ya Pennsylvania, maarufu kwa magitaa, ikaanza nayo kuuza ukulele. Kisha kikaja kipindi cha kupanda na kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mario Maccaferri alitengeneza ukulele za plastiki zilizouzwa kwa mamilioni. Baadaye gitaa la umeme likaifunika. Wawili waliofanya kazi kubwa ya kuirudisha ni Wahawaii. Israel Kamakawiwoʻole alitoa albamu ya Facing Future mwaka 1993, na sauti yake laini juu ya ukulele moja ikasikika kwenye filamu na redio za dunia nzima. Jake Shimabukuro alirekodiwa akipiga wimbo wa George Harrison katika bustani ya Central Park, New York, na video hiyo ilipoenea kwenye intaneti mwaka 2006 watu wengi waligundua kwamba nyuzi nne zinaweza kubeba muziki mzito wa mpigaji mmoja.

Kwa anayetaka kuanza, swali la kwanza ni ukubwa. Soprano ndiyo ya asili na ndiyo yenye mlio mkali, wa kuchangamka. Konseti ni ndefu kidogo, na nafasi zake zinawafaa watu wazima wenye vidole vinene. Tenari ina mlio mpana zaidi na hupendwa na wanaopiga peke yao jukwaani. Zote tatu hutyuniwa kwa namna moja, kwa hiyo aliyejifunza moja amezijua zote. Ya nne, baritoni, ni jambo tofauti: nyuzi zake zina sauti za nyuzi nne nyembamba za gitaa, na mpiga gitaa huielewa mara moja. Kwa mwanafunzi wa kawaida konseti ndiyo chaguo lisilo na majuto. Mtoto wa shule ya msingi apewe soprano.

Ubaya wa soko la ukulele ni kwamba limejaa vitu vya kuchezea vilivyopakwa rangi za kupendeza. Ala mbovu humkatisha tamaa mwanafunzi akadhani hana kipaji, kumbe kosa ni la kiwanda. Vipimo vitatu vinatosha dukani. Kwanza, uzi upigwe wazi, kisha ubanwe kwenye freti ya 12, yaani chuma cha 12 kutoka kichwani: sauti zote mbili ziwe noti ileile, moja juu ya nyingine kwa oktavu. Zikipishana, ala hiyo haitaafikiana na nyingine milele. Pili, nyuzi zibanwe kwenye freti ya kwanza. Zikihitaji nguvu nyingi, zimewekwa juu mno. Tatu, vifunguo vya kukazia nyuzi vizungushwe. Vile vyenye meno ya gia huzishika nyuzi vizuri kuliko vile vinavyozuiwa kwa skrubu pekee. Mbao nzima hulia vizuri kuliko plaiwudi na huzidi kupendeza kadiri miaka inavyopita, lakini plaiwudi nzuri huvumilia mabadiliko ya hewa, na kwa ala ya kwanza hilo lina uzito wake. Plastiki ya leo nayo isidharauliwe: kwa safari ya baharini haina mpinzani.

Baada ya kununua, kazi ya kwanza ni kutyuni. Nyuzi za ukulele, kuanzia ule ulio karibu na uso wa mpigaji, ni G, C, E na A. Wanakwaya wa Afrika Mashariki, ambao wengi wamelelewa na solfa, wana njia fupi ya kuzikumbuka: do ikiwa C, nyuzi hizo zinasema so, do, mi, la. Mtu mwenye sikio la kwaya anaweza kuzitega kwa kuimba tu, akishapewa do. Wengine watumie programu ya simu au kifaa kidogo kinachobanwa kichwani mwa ala, ambacho huonyesha noti kwa taa.

Kuna jambo moja humtatiza mgeni hapa. Katika gitaa, nyuzi huenda kutoka sauti nzito hadi nyembamba kwa mfuatano. Katika ukulele uzi wa G, ambao mtu angetarajia uwe mzito kuliko wote, uko juu ya C na juu ya E. Huo ni urithi wa rajão ya Madeira, na ndio siri ya mlio wa ukulele: sauti zote nne zimebanana ndani ya nafasi ndogo, hivyo mkono ukishuka au ukipanda husikika karibu sawa, na mlio unametameta bila uzito wa besi. Baadhi ya wapigaji wa tenari huubadilisha uzi huo kwa ule mzito, wapate noti za chini. Ni uamuzi halali, ila mwanafunzi asiuharakishe. Aishi kwanza na mpangilio wa asili, kwa sababu mitindo mingi ya kupiga ilizaliwa kutokana nao.

Nyuzi mpya za nailoni hunyumbuka. Kwa wiki ya kwanza zitashuka kila baada ya nyimbo mbili tatu, na zinahitaji kukazwa tena na tena hadi zitulie. Hilo ni kawaida yake.

Kodi, kama wapiga gitaa wanavyoziita noti kadhaa zinazolia pamoja, ndizo mtaji wa mpiga ukulele. Ya kwanza ni C, na inahitaji kidole kimoja tu: kidole cha pete kwenye freti ya 3 ya uzi wa A. Ya pili ni A ndogo, kidole cha kati kwenye freti ya 2 ya uzi wa G. Kidole hicho kikibaki palepale na cha shahada kikaongezwa kwenye freti ya 1 ya uzi wa E, imepatikana F. Ya nne, G7, ina vidole vitatu: cha shahada kwenye freti ya 1 ya uzi wa E, cha kati kwenye freti ya 2 ya uzi wa C, na cha pete kwenye freti ya 2 ya uzi wa A. Kwa C, F na G7 mtu ana nyimbo za kanisani, za watoto, za kambi za skauti na dansi nyingi za zamani. Ugumu hauko katika kuzibana. Uko katika kuhama kutoka moja hadi nyingine bila kusimamisha wimbo. Zoezi bora ni kuchukua kodi mbili tu, kuhamahama kati yake polepole kwa mpigo usiobadilika, na kuongeza mwendo pale tu mkono unapokwenda bila kutazamwa. Dakika 15 kila siku huzaa matunda kuliko saa 2 za Jumapili.

Mpiga gitaa ana bahati ya pekee. Maumbo ya vidole anayoyajua kwenye nyuzi nne nyembamba hufanya kazi vilevile kwenye ukulele, isipokuwa kodi inayotoka iko kwenye noti ya nne kwenda juu, ya kuanzia ikihesabiwa: umbo la D linatoa G, la C linatoa F, la G linatoa C. Anayepiga ridhimu katika bendi anaweza kuwa mwalimu wa mtaa mzima baada ya siku mbili.

Mkono wa kulia hupiga pale shingo inapokutana na kasha, mahali ambapo nyuzi ni laini. Kidole cha shahada hushuka kwa kucha na kupanda kwa nyama yake, na mzunguko utoke kwenye kifundo cha mkono, begani pasitikisike. Wanaoanza hushika ala kwa nguvu na kuikandamiza kifuani. Ikikandamizwa mgongoni sauti hufa. Iegemezwe kwenye kigasha, ishikwe kwa wepesi. Na mpigaji aimbe tangu siku ya kwanza, hata kama sauti yake haimpendezi. Kuimba ndiko kunakoufundisha mkono wakati wa kubadilika, kwa maana maneno ya wimbo huufuata mwendo wake na hayamsubiri mtu.

Baada ya hapo dunia ni pana. Kila mahali ukulele ilipofika imebadilishwa tabia, na mwanafunzi atafaidika kusikiliza angalau mitindo minne. Wahawaii wenyewe hupiga kwa utulivu, ala ikimsindikiza mwimbaji na mchezaji wa hula, na huwa na vifungu vifupi vya kumalizia beti ambavyo ni shule tosha. Uingereza ilipata wapigaji wake kupitia George Formby, mchekeshaji wa miaka ya 1930 aliyetumia ukulele yenye kasha la banjo na kuvunjavunja mpigo kwa kasi ambayo wapenzi wake wanaiga hadi leo. Huko Japani, Yukihiko Haida, mzaliwa wa Hawaii, aliunda chama cha wapiga ukulele mwaka 1959, na Wajapani wamekuwa mafundi wa kudonoa nyimbo noti kwa noti, kwa usafi wa ajabu.

Tahiti inastahili kusikilizwa kwa muda mrefu zaidi. Ukulele ya huko huchongwa katika gogo moja, ina nyuzi nane zilizopangwa mbilimbili, nazo ni uzi wa kuvulia samaki. Sauti yake iko juu sana. Mkono wa mpigaji hukimbia mfululizo bila kupumzika, na wapigaji kumi wakikaa kwenye mkeka mmoja na kuimba kwa sauti za kupishana, mlio wao hujaza ufukwe mzima bila kipaza sauti. Anayedhani ukulele ni ala ya upole atabadili mawazo hapo. Mtindo huo pia humfundisha mwanafunzi kitu cha kutumia nyumbani: mapigo mengi madogo yaliyo sawa, yenye msisitizo mmoja unaohama.

Zipo pia ndugu za ukulele zilizotoka Ureno kwa njia nyingine. Brazil ina cavaquinho ya nyuzi za chuma inayosukuma muziki wa samba na choro. Cape Verde, visiwa vya Afrika ya Magharibi, ina cavaquinho yake, na msikilizaji wa mwimbaji Cesária Évora ameisikia ikitembea kando ya gitaa katika muziki wa morna. Indonesia ina ala mbili ndogo, cak na cuk, katika muziki wa keroncong. Moja huziba mapengo ya nyingine, kiasi kwamba sikio huzisikia kama ala moja. Mtu mwenye ukulele anaweza kuiga mitindo yote hiyo mitatu kwa kiasi, na kuiga huko kunaifungua ala yake.

Sasa suala la kupiga kwa kundi, ambalo ndilo kiini cha raha yote hii. Kanada ilionyesha njia mapema: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, J. Chalmers Doane, mkuu wa elimu ya muziki katika shule za Halifax, aliifanya ukulele kuwa ala ya kufundishia muziki wote, kuanzia kusoma noti hadi kuimba kwa sauti kadhaa. New Zealand nayo imeiingiza katika shule nyingi. Nchini Uingereza vikundi hukutana jioni kwenye vilabu vya pombe, wazee na vijana, wakiwa na vitabu vya kodi mkononi. Ukulele Orchestra of Great Britain, iliyoanza mwaka 1985, imejaza kumbi kubwa kwa ukulele pekee.

Kundi halihitaji vipaji, linahitaji utaratibu. Ukulele 20 zikipiga kodi ileile kwa mapigo yaleyale, kinachotoka ni kelele nyembamba inayochosha. Kazi igawanywe. Wachache wapige mpigo kamili, wengine waguse pigo la pili na la nne tu kwa mlio mfupi unaokatwa kwa kiganja, mmoja adonoe melodia, na akiwapo mwenye gitaa ashike besi. Mgeni anayejua kodi mbili azipige hizo mbili zikifika, na kwenye nyingine anyamaze huku akiimba. Hakuna atakayegundua, na wimbo haukatiki. Ambaye vidole vyake ni vizito apige pigo la kwanza tu la kila baa, yaani kila fungu la mapigo. Kiongozi ataje kodi kwa sauti kabla haijafika, si wakati imefika. Na ufunguo wa wimbo uchaguliwe kwa ajili ya waimbaji: C huwa rahisi kwa vidole, lakini ikiwa sauti za watu zinakwama juu, ni afadhali kujifunza G na D kuliko kuimba kwa kukabwa koo.

Utunzaji wa ala ni mfupi kuueleza. Adui mkubwa ni gari lililofungwa juani, ambamo gundi hulainika na daraja la nyuzi hubanduka. Kwenye pwani yenye unyevunyevu, ala ya mbao nzima ikae kwenye begi lake ikishapigwa, na chumvi ifutwe kwenye vyuma vya vifunguo. Kwa wanaoishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini hatari ni kinyume chake: hewa kavu ya nyumba zinazopashwa joto wakati wa baridi hupasua mbao, hivyo unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndio wa kulindwa. Nyuzi zibadilishwe zinapopoteza mng'ao wa sauti au zinapokuwa na makovu juu ya freti.

Kwa safari za ndege ukulele hupanda na mwenyewe kabini, na isikabidhiwe kwenye mizigo. Zipo ukulele zenye ubao wa vidole wa mpingo au mbao za ndugu zake, miti ambayo biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 2017. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa, isipokuwa zilizotengenezwa kwa aina ya Brazil, Dalbergia nigra, ambayo ulinzi wake ni mkali zaidi. Mnunuzi wa ala ya zamani aulize imetengenezwa kwa mbao gani kabla ya kuivusha mpaka.

Mwenye ukulele iliyokaa kabatini na aitoe leo, aitie nyuzi mpya, amwite jirani au mtoto wa nyumbani, amwonyeshe C, F na G7, kisha waimbe pamoja wimbo ambao wote wawili wanaujua.